GEORG DEHIO (1850–1932), MTETEZI WA MAKANISA NA MAJENGO YA KALE

Georg Dehio alizaliwa tarehe 22 Novemba 1850 katika mji wa Reval, ambao leo huitwa Tallinn na ni mji mkuu wa Estonia. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa chini ya Milki ya Urusi, lakini mjini walikuwapo Wajerumani wengi ambao wazee wao walihamia huko karne nyingi nyuma kwa ajili ya biashara na ufundi. Baba yake alikuwa tabibu. Reval ilipokea Matengenezo ya Kanisa mapema, katika miaka ya 1520, Martin Luther akiwa bado hai, na makanisa yake makubwa ya mawe yaliyojengwa kabla ya Matengenezo yakaendelea kutumika kwa ibada za Kilutheri. Mojawapo, kanisa la Mtakatifu Olaf, lilipigwa na radi na kuungua mwaka 1820. Lilijengwa upya, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 1840, miaka kumi kabla Dehio hajazaliwa. Hivyo mtoto huyu alikulia katika mji uliokuwa na kanisa la kale sana lililotoka kujengwa upya, na swali la nini kifanyike jengo la kale linapoharibika likaja kuwa kazi ya maisha yake.

Alisoma historia kwanza katika Chuo Kikuu cha Dorpat, yaani Tartu ya leo, chuo kilichoandaa wachungaji wengi wa Kilutheri wa nchi za Baltiki. Kisha alikwenda Göttingen, Ujerumani, akafundishwa na Georg Waitz, mwanahistoria aliyesifika kwa kuwazoesha wanafunzi wake kuchunguza hati za kale neno kwa neno kabla ya kusema lolote. Mwaka 1872 Dehio alipata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya Hartwig wa Stade, Askofu Mkuu wa Hamburg-Bremen wa karne ya 12.

Kitabu chake kikubwa cha kwanza, kilichotoka mwaka 1877 katika majuzuu mawili, hakikuhusu majengo hata kidogo. Kilikuwa historia ya uaskofu mkuu wa Hamburg-Bremen hadi mwisho wa kazi yake ya umisioni. Humo alieleza jinsi Injili ilivyopelekwa Denmark na Sweden tangu siku za Ansgar, mmonaki aliyeitwa Mtume wa Kaskazini. Waviking waliuchoma mji wa Hamburg mwaka 845, na Ansgar akalazimika kuanza upya akiwa na watu wachache na fedha haba, hadi alipofariki mwaka 865. Ni vema kulikumbuka jambo hili, kwa kuwa wengi wanaomtaja Dehio leo humjua kama mtu wa mawe na minara tu. Kabla ya mawe alisoma habari za watu walioyapandisha, na hati zao zilimfundisha kutokubali jambo lisilo na ushahidi.

Mwaka huohuo wa 1877 alianza kuhadhiri katika Chuo Kikuu cha München, na hapo taratibu moyo wake ukahamia kwenye historia ya sanaa na ya usanifu wa majengo. Hakuwa msanifu kwa mafunzo, wala hakuwahi kujenga nyumba. Alishirikiana na Gustav von Bezold, aliyekuwa msanifu, na pamoja wakaandika kitabu juu ya majengo ya kanisa katika nchi za Magharibi. Kazi hiyo ilianza kuchapishwa mwaka 1884 na kumalizika mwaka 1901. Pamoja na majuzuu ya maandishi yalikuwapo makusanyo makubwa ya michoro, iliyomwezesha msomaji kuweka ramani ya basilika ya Roma kando ya ile ya kanisa kuu la Ufaransa na kuona kwa macho yake jinsi umbo moja lilivyozaa jingine. Miaka 17 si muda mfupi kwa kitabu kimoja, na katika miaka hiyo walisafiri, wakapima na kulinganisha mengi.

Mwaka 1883 Dehio aliitwa kufundisha Königsberg, mji ambao sasa ni Kaliningrad nchini Urusi. Huko alimwoa Charlotte, binti wa profesa Ludwig Friedländer, mtaalamu wa maisha ya Warumi wa kale, na mwaka 1888 wakapata mtoto, Ludwig, ambaye naye alikuja kuwa mwanahistoria mwenye jina. Mwaka 1892 Dehio aliitwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, akakaa huko miaka 26.

Strasbourg haukuwa mji wa kawaida. Ulikuwa umetwaliwa na Ujerumani kutoka Ufaransa baada ya vita vya 1870 na 1871, na makovu yalikuwa bado yanaonekana. Katika usiku mmoja wa Agosti 1870 mizinga ya Wajerumani ililiteketeza kanisa la Kilutheri lililoitwa Hekalu Jipya pamoja na maktaba ya mji iliyokuwa humo, na hati za mkono zisizo na nakala zikapotea milele. Paa la kanisa kuu nalo liliungua mwezi huohuo. Profesa wa Kijerumani aliyefundisha historia ya sanaa katika mji huo alifundisha mbele ya hasara iliyofanywa na taifa lake mwenyewe.

Ili kuelewa kwa nini Dehio aliingia katika mabishano makubwa, lazima kwanza ieleweke desturi ya karne ya 19. Wasanifu wa wakati huo walikuwa wamejifunza mitindo ya kale kwa bidii kiasi cha kuamini kwamba wanaweza kujenga kama watu wa karne ya 12 au ya 14 walivyojenga. Palipokuwa na kanisa la kale, waliondoa kilichoongezwa baadaye, wakajazia kilichopungua, wakalirudisha jengo katika sura ambayo waliamini lilikuwa nayo mwanzoni, au iliyostahili kuwa nayo. Mahali pawili wanapopaheshimu Walutheri wote panaonyesha jambo hili. Ngome ya Wartburg, ambako Luther alitafsiri Agano Jipya, ilitengenezwa kuanzia mwaka 1838 hadi karibu mwaka 1890, na mnara wake mkuu ni kazi ya miaka ya 1850. Kanisa la Ngome la Wittenberg, ambalo milango yake ya mbao iliungua mwaka 1760 katika Vita vya Miaka Saba, lilifanyiwa kazi kubwa kuanzia 1885 na kuzinduliwa upya tarehe 31 Oktoba 1892. Mgeni anayefika huko leo na kusimama kwa unyenyekevu mbele ya ukuta, mara nyingi anasimama mbele ya kazi ya watu waliozaliwa miaka 300 baada ya Luther. Waliofanya hivyo hawakuwa na nia mbaya, tena wengi wao walikuwa mafundi hodari waliolipenda kanisa. Uhodari wao ndio uliofanya iwe vigumu kutenganisha kilicho cha kale na kilicho kipya.

Mwaka 1901 suala hilo lilifika Heidelberg. Ngome ya mji huo, iliyo juu ya mto Neckar, ilibomolewa na majeshi ya Ufaransa mwaka 1689 na tena 1693, na mwaka 1764 radi ikaunguza sehemu zilizokuwa zimetengenezwa. Tangu hapo ilibaki gofu, na gofu hilo likapendwa na washairi, wachoraji na wasafiri kuliko majumba mengi mazima. Sehemu yake nzuri kupita zote ni jumba la Mteule Ottheinrich, lililoanza kujengwa mwaka 1556. Mtawala huyo ndiye aliyeingiza Matengenezo ya Kilutheri katika nchi yake mwaka huohuo, na ukuta wa mbele wa jumba lake una sanamu 16: Yoshua, Samsoni na Daudi, fadhila za kikristo kama Imani na Tumaini, pamoja na miungu ya Kirumi. Ukuta ulisimama, lakini paa na vyumba vilikuwa vimekwisha.

Tume ya wataalamu ilikwisha kukutana mwaka 1891 na kuamua kwamba ngome ihifadhiwe kama ilivyo. Hata hivyo msanifu Carl Schäfer, mtu mwenye kipaji na sifa kubwa, alipewa kazi ya kutengeneza jumba jirani la Friedrich, akalimaliza kwa namna iliyowapendeza wengi. Baada ya hapo akaleta mpango wa kuliezeka na kulikamilisha jumba la Ottheinrich pia. Serikali ya Baden ililiangalia wazo hilo kwa jicho jema. Raia wengi nao waliliona kuwa jambo la heshima: jumba lililovunjwa na adui lingesimama tena.

Hapo ndipo Dehio alipoandika kijitabu chake kuhusu hatima ya ngome ya Heidelberg. Kilikuwa kifupi na kikali. Hoja zake zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwanahistoria: hakuna aliyejua kwa hakika paa la jumba hilo lilikuwaje, wala vyumba vya ndani vilipambwa vipi. Wataalamu walikuwa wakibishana juu ya umbo la paa, na ubishi huo ulizidi baada ya kijitabu kutoka. Kujenga katika hali hiyo kungekuwa kubuni, kisha kuwaonyesha watu ubunifu huo kana kwamba ni ukweli. Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi. Alisema kwamba kitu cha uongo kikichanganywa na cha kweli, kile cha kweli nacho hupoteza thamani, kwa sababu mtazamaji hawezi tena kukiamini. Kwa hiyo aliwataka wenye dhamana wahifadhi tu: wazuie maji, waimarishe ukuta, wazibe nyufa, wakubali kwamba kilichokwisha kimekwisha. Urejeshaji ufikiriwe pale tu ambapo uhifadhi hauwezekani tena.

Hilo la kukubali hasara ndilo lililowaudhi watu. Taifa lilikuwa na fedha na mafundi, nalo lilijivunia nguvu zake mpya, na profesa mmoja kutoka Strasbourg akawa analiambia kwamba kuna mambo ambayo fedha na mafundi hawawezi kuyarudisha. Mabishano yaliendelea kwa miaka katika magazeti, mikutano na bunge. Schäfer hakukosa watetezi, na haikuwa haki kumwonyesha kama mharibifu, kama baadhi ya wafuasi wa Dehio walivyofanya. Jumba la Friedrich bado linavutia. Lakini mwishowe jumba la Ottheinrich halikujengwa. Ukuta wake uliimarishwa na kuachwa bila paa.

Dehio hakushinda kila mahali. Huko Meissen, katika Saksonia, kanisa kuu ambalo lilikuwa la Kilutheri tangu karne ya 16 lilikuwa limekosa minara ya magharibi kwa muda mrefu. Schäfer huyohuyo aliijenga kati ya 1903 na 1909, licha ya pingamizi la wapenzi wa majengo ya kale. Leo minara hiyo ndiyo inayotambulisha mji, na picha za wageni haziachi kuionyesha. Mtu aweza kuikubali au kuikataa. Jambo moja ni wazi, kwamba si minara ya karne za kati.

Tarehe 27 Januari 1905, siku ya kuzaliwa ya Kaizari Wilhelm II, Dehio alipewa heshima ya kutoa hotuba rasmi katika Chuo Kikuu cha Strasbourg. Alichagua kuzungumzia ulinzi na utunzaji wa majengo ya kale katika karne ya 19. Kusini zaidi katika eneo hilo, Kaizari mwenyewe alikuwa akilijenga upya gofu la ngome ya Hohkönigsburg, kazi iliyoanza mwaka 1900 na kuzinduliwa 1908. Haikuwa siku rahisi ya kukosoa urejeshaji, lakini Dehio aliukosoa. Alieleza kwamba moyo wa kihistoria wa karne iliyopita ulizaa watoto wawili, mmoja halali, ambaye ni uhifadhi, na mwingine wa nje ya ndoa, ambaye ni urejeshaji, na kwamba watu walikuwa wakiwachanganya. Aidha alisema kuwa jengo la kale halilindwi kwa sababu ni zuri bali kwa sababu ni sehemu ya maisha ya taifa, na kwamba mwenye mali binafsi hana uhuru kamili wa kulifanya apendavyo. Nchi ndogo ya Hesse ilikuwa imekwisha kupitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1902.

Mwanazuoni wa Austria, Alois Riegl, aliyesimamia majengo ya kale ya nchi yake, alimjibu mwaka huohuo, miezi michache kabla ya kifo chake. Alikubaliana naye katika kupinga urejeshaji, lakini akakataa kwamba sababu yake iwe taifa. Kwa Riegl, jengo la kale humgusa binadamu yeyote, awe wa taifa gani, kwa kuwa humwonyesha kupita kwa wakati. Katika hili historia ya miaka iliyofuata ilimpa haki Riegl zaidi.

Kazi iliyompa Dehio jina katika nyumba nyingi zaidi haikuwa hotuba wala ugomvi. Mwaka 1900 wataalamu wa utunzaji wa majengo walikutana Dresden kwa mara ya kwanza, na Dehio akafikisha mbele yao wazo lake la kitabu cha mwongozo wa majengo na kazi za sanaa za Ujerumani nzima. Zilikuwapo orodha rasmi za mikoa, lakini zilikuwa nene, ghali, nyingi hazijakamilika, na hakuna msafiri ambaye angeweza kuzibeba. Dehio alitaka vitabu vidogo vya kutia mfukoni. Alipewa jukumu hilo, na Kaizari akatoa msaada wa fedha kutoka mfuko wake, pamoja na tofauti zao za maoni. Majuzuu matano yalitoka kati ya 1905 na 1912. La kwanza lilihusu Ujerumani ya Kati, zikiwamo Saksonia na Thuringia, nchi ya Luther.

Mtu akifungua kitabu hicho hakuti maneno matamu. Jina la mji au kijiji huandikwa kwa mpangilio wa alfabeti, kisha kanisa, miaka ya ujenzi, umbo la ramani, madhabahu, kisima cha ubatizo, makaburi ya heshima, na kilichoharibiwa au kurekebishwa. Sentensi zimekatwa, vifupisho ni vingi. Lakini ndani ya ukavu huo kuna haki ambayo haikuwapo kabla. Kanisa la kijiji chenye nyumba 40 lilipata mahali pake katika kitabu kilekile chenye kanisa kuu la Cologne. Mchungaji wa kijijini aliyekusudia kuuza madhabahu ya zamani ili anunue mpya alijua sasa kwamba kitu hicho kimeandikwa, na kwamba kuna watakaouliza kilikwenda wapi. Orodha inaonekana kuwa kazi ya karani, lakini ulinzi wa majengo huanzia hapo, kwa kuwa kisichoandikwa hubomolewa bila mtu kujua.

Ikumbukwe kwamba katika miaka hiyohiyo wamisionari wa Kijerumani, wakiwamo wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walikuwa wakijenga makanisa Afrika Mashariki. Kanisa la Azania Front la Dar es Salaam, lililoanza kujengwa mwaka 1898, lilikamilika 1902, mwaka mmoja baada ya kijitabu cha Heidelberg. Makanisa hayo yalikuwa mapya wakati Dehio akiandika, na sasa yamepita umri ambao maswali yake huanza kuulizwa.

Vita vya mwaka 1914 vilimkuta akiwa na umri wa miaka 63. Mwezi Septemba mwaka huo mizinga ya Ujerumani ililipiga kanisa kuu la Reims nchini Ufaransa. Miaka 24 kabla, Dehio mwenyewe ndiye aliyeonyesha kwamba sanamu mashuhuri za kanisa kuu la Bamberg, ambazo Wajerumani walizitukuza kuwa za kwao kabisa, zilichongwa na mafundi waliojifunza kutoka Reims. Uaminifu wake wa kitaaluma ulikuwa umevuka mpaka ambao mizinga sasa iliuvuka kwa njia nyingine. Fundisho lake kwamba jengo ni la taifa halikuwa na la kusema juu ya jengo la taifa jingine, na hapo ndipo udhaifu wake ulipoonekana.

Mwaka 1918 Ujerumani ilishindwa, Strasbourg ikarudi Ufaransa, na maprofesa wa Kijerumani wakalazimika kuondoka. Dehio aliuacha mji alioufundishia tangu 1892 akiwa mzee wa miaka 68. Alihamia Tübingen, na badala ya kupumzika akaandika historia ya sanaa ya Ujerumani, ambayo majuzuu yake matatu yalianza kutoka mwaka 1919 na kumalizika 1926. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1922, alitoa kitabu juu ya kanisa kuu la Strasbourg, ambalo sasa lilikuwa katika nchi nyingine. Alifariki Tübingen mwezi Machi 1932.

Hakuishi kuona mabomu ya vita vilivyofuata. Mwezi Februari 1945 Kanisa la Bibi Yetu la Dresden, lililokuwa fahari ya Walutheri wa Saksonia tangu karne ya 18, liliungua na kuanguka. Kwa karibu nusu karne lilikuwa rundo la mawe. Ulipotokea mpango wa kulijenga upya, waliolipinga walilitaja jina la Dehio, na waliouunga mkono walijibu kwamba michoro na picha zilikuwapo, mawe ya awali yalikuwapo, na usharika ulihitaji mahali pa kuabudu. Ujenzi ulianza mwaka 1994, na kanisa likawekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005. Mawe meusi ya zamani yanaonekana wazi kati ya yale mapya meupe; hayakupakwa rangi ili yafanane. Ni vigumu kusema kama Dehio angeridhika. Wasanifu na wataalamu waliokutana Venice mwaka 1964 walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba kazi ya kurejesha ikome pale kubahatisha kunapoanza, kanuni iliyo karibu sana na ile ya kijitabu cha 1901.

Vitabu vyake vya mfukoni viliendelea kurekebishwa na kutolewa upya na wengine baada yake, Ujerumani na Austria, na wasafiri hawavitaji kwa jina la kitabu bali husema tu wamebeba Dehio. Huko Heidelberg, ukuta wa Ottheinrich bado umesimama na sanamu zake 16, na kupitia madirisha yake ya juu mtu huona anga.